Mpeni Eda

Mwinyijuma Kondo hakuwahi kuwa mpigaji mzuri wa gitaa, na jambo hilo halikumnyima usingizi hata siku moja. Mwishoni mwa miaka ya themanini, bendi za Dar es Salaam zikivaa suti za kufanana na kubembeleza watu wacheze taratibu, yeye na wenzake walikuwa wakipiga kitu ambacho hakuna aliyejua akicheze vipi. Baharia mmoja alikuwa amewaletea kaseti ya panki, muziki wa kelele na hasira, kutoka Ulaya. Waliisikiliza mpaka utepe ukakatika, wakauunga kwa rangi ya kucha, wakaendelea kuisikiliza. Bendi yao wakaiita Kero, na jina hilo lilikuwa kweli tupu. Mwinyijuma alinyoa kichwa pembeni, akaacha nywele za katikati zisimame, mama yake akalia kana kwamba kuna msiba. Aliimba kuhusu foleni za sukari na wakubwa wasiopanga foleni. Kwenye ngoma alikaa Bertha, binti aliyetoroka kwaya ya kanisa kwa sababu, alisema, kule walimkataza kupiga kwa nguvu.

Kero haikuuawa na mtu. Ilijifia yenyewe, kama zinavyokufa bendi nyingi: huyu kaoa, yule kapata kazi bandarini, mwingine kachoka kutimuliwa kumbini kabla ya wimbo wa tatu. Mwinyijuma akarudi kwao Kisarawe, kwenye shamba la baba yake. Akalima mihogo, akahudumia mikorosho, akaoa, akafiwa na mke, akamlea mwanawe wa pekee, Seif. Gitaa likakaa uvunguni ndani ya gunia. Wanakijiji walikuwa wakimwita Mzee Kero kwa utani, vijana wakidhani jina hilo limetokana na ubishi wake kwenye mikutano ya kijiji.

Ubishi huo Seif aliurithi, na ndio uliomponza.

Kuna kampuni iliingia kijijini kuchimba kokoto, ikaanza kumega mashamba ya watu. Seif alikuwa fundi pikipiki, kijana mpole ambaye hata kuku alikuwa hawezi kumfukuza kwa jiwe. Siku ya mkutano alisimama akauliza nani alitia saini, na kwa ridhaa ya nani. Akaambiwa akae. Hakukaa. Wiki haikuisha, gari lisilo na namba likasimama mbele ya gereji yake, saa za asubuhi, watu wakiona. Wakashuka wanaume wasiojitambulisha. Wakampakia Seif akiwa bado na spana mkononi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona tena.

Niseme nini kuhusu miezi iliyofuata? Mwinyijuma alizunguka kila mahali ambapo baba huzunguka. Kote aliambiwa mtu wa jina hilo hayupo, na wengine walimwambia hivyo kabla hajamaliza kulitaja jina. Aliingia vyumba vya maiti, akafunuliwa nyuso za watoto wa wenzake. Kila alipotoka bila kumkuta Seif alishukuru, kisha akajichukia kwa kushukuru, maana alikuwa amewaacha wengine mle ndani. Alikonda. Mihogo ikaozea ardhini, nguruwe pori wakajihudumia.

Nyumbani alibaki na mkwewe, Naila, mke wa Seif, mzaliwa wa Mlandizi. Walikuwa hawajajaliwa mtoto. Naila alipika, alifagia, na kila jioni alipakua chakula sahani tatu. Baba mkwe hakuthubutu kumwambia ya tatu aiache.

Ijumaa moja baada ya swala akaja Hashiru, kaka yake Naila. Alikuwa mtu wa heshima, na hakuja kwa shari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkeka."

Hashiru alikaa, akakunja miguu. "Mzee wangu, tumekaa kama familia. Dada yetu hatujui tumweke fungu gani. Kama ni mke wa mtu, mume yuko wapi? Kama ni mjane, mbona hajakaa eda? Tunaomba neno moja tu kutoka kwako. Wewe ndiye baba. Ukisema Seif amefariki, itasomwa hitma, Naila atakaa ndani miezi yake minne na siku kumi kama sheria inavyotaka, kisha tutamchukua akapumzike nyumbani."

"Hashiru, unataka nimtangaze maiti mtoto ambaye maiti yake sijaiona?"

"Hatuna nia mbaya, mzee."

"Najua hamna. Ila ulimi huu ndio uliomwadhinia alipozaliwa. Kumfukia sitautumia."

Hashiru aliondoka bila kugombana, akasema atarudi. Hilo ndilo lililokuwa likimtesa Mwinyijuma: hakuwa na mtu wa kugombana naye. Waliomchukua mwanawe hawakuwa na sura, na huyu mwenye sura alikuwa akisema haki.

Naila alikuwa amesikia yote nyuma ya mlango. Akatoka, akakaa pembeni ya mkeka.

"Baba, mimi sitaki kuolewa," alisema. "Wasikuchoshe. Ila sijui nilie vipi. Nikilia kama mjane, naona namuua kwa mikono yangu. Nikicheka, naona namsaliti. Wangenipa hata eda tu, Baba. Hata hiyo."

Maneno hayo yalimwingia Mwinyijuma mahali ambapo hapakuwa na kitu tangu Kero ife. Alivuta gunia uvunguni. Panya walikuwa wamekula mkanda, nyaya zilikuwa na kutu, lakini ubao ulikuwa mzima. Akaanza kukwaruza. Naila alidhani baba mkwe ameshachanganyikiwa, akaenda kumchemshia maji aoge.

Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anatega. Alijiambia hivi: nikiwaomba mwanangu, watanyamaza kama walivyonyamaza. Lakini nikipita nikipiga kelele kwamba wampe mkewe eda, yule anayemshikilia Seif akiwa hai lazima moyo umguse. Atasema, eda ya nini na mume yu hai? Atatuma neno. Mtu aliyezama hushika hata povu, na Mwinyijuma alilishika povu hilo kwa mikono miwili.

Akapanda bodaboda na gitaa lake mgongoni mpaka Kibaha, eneo la Tumbi, ambako Bertha alikuwa akiuza supu na chapati. Walikuwa hawajaonana miaka mingi.

"Mwinyi!" Bertha alipiga ukelele huku mwiko uko juu. "Mimi nilijua ulishakufa, nikakusamehe madeni yote!"

"Ungekuwa umenisamehe usingezeeka hivi."

Walicheka mpaka wateja wakageuka. Kisha Mwinyijuma akamwimbia ule wimbo palepale, chinichini, bila umeme. Bertha aliacha kucheka. Chapati ikaungua, akaiacha iungue.

"Unajua wanaweza kukuchukua na wewe?" aliuliza.

"Wanichukue. Labda wataniweka chumba kimoja naye."

Bertha alifunga aproni yake upya, akaangalia magoti yake, ambayo yalikuwa yameshaanza kumgomea. "Haya. Lakini nipige kwa nguvu. Sikutoroka kwaya nije nipapase ngoma uzeeni."

Jumapili iliyofuata kulikuwa na bonanza la mpira kata ya Pangani, hapohapo Kibaha. Bertha alimjua mshereheshaji, akamwambia kuna wazee wawili wa zilipendwa wanaomba nafasi wakati wa mapumziko. Nani atakataa zilipendwa? Mshereheshaji akawakaribisha kwa mbwembwe, akawaambia kina mama wajiandae kuzungusha viuno. Watu wakapiga makofi kumwona babu wa kofia ya kitambaa amevaa gitaa jekundu, na bibi mnene akijipenyeza nyuma ya ngoma.

Kofia alikuwa ameivaa kwa sababu. Alipoivua, uwanja mzima uliangua kicheko: Mzee Mwinyijuma alikuwa amenyoa pembeni, na mvi zake chache za katikati zilikuwa zimesimama wima. Kicheko kilikuwa bado hakijaisha alipolipiga gitaa. Spika zililia kama bati linalokokotwa kwenye lami. Watoto wakaziba masikio. Bertha akashusha mikono, na akaimba mzee yule kwa sauti iliyopasuka:

*Mnaye au hamnaye? Semeni!*
*Yu hai au maiti? Semeni!*
*Mke wake yumo ndani,*
*si mjane wala si mke.*
*Mpeni eda yake!*
*Mpeni eda!*

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Vijana walikuwa wakirekodi kwa simu wapate cha kuchekesha. Lakini kwenye ubeti wa pili alilitaja jina la Seif, akaitaja gereji, akalitaja gari lisilo na namba. Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga alitua beseni lake chini. Midomo yake ikaanza kwenda, na mara wanawake waliokuwa karibu naye wakawa wanaitikia, bila kufundishwa na mtu: mpeni eda. Kila mmoja wao alijua eda ni nini. Hawakuhitaji kuelezwa ukubwa wa kitu ambacho mwanamke anakosa akikosa hata hicho.

Waandaaji wakashtuka, waya ukachomolewa. Gitaa likafa. Mwinyijuma akaendelea kulipiga hivyohivyo, na Bertha akaendelea kushindilia ngoma, maana ngoma haina swichi. Walitolewa uwanjani wakisukumwa, kwa mara ya kwanza tangu ujana wao, na Bertha alisema baadaye, huku akikanda magoti, kwamba hajawahi kusikia mwili wake ukimuuma vizuri namna ile.

Wimbo ukakimbia. Ulifika Mlandizi kabla hawajafika majumbani, ukafika Soga, ukafika mjini. Watu waliutuma kwenye simu ya Naila bila kujua wanamtumia nani. Mwinyijuma akarudi kijijini akangoja. Alingoja gari lije limchukue, halikuja. Aliingoja ile sauti ya kusema eda ya nini, na kila simu ilipoita, aliipokea kabla ya mlio wa pili. Alianza hata kula. Alilima tuta moja la mihogo. Naila aliona mabadiliko hayo naye akayaamini, kwa kuwa mtu akiwa na kiu haulizi maji yametoka wapi.

Simu ilimkuta shambani, jua likiwa kichwani. Namba haikuonekana.

"Shikamoo, mzee." Sauti ya kijana, yenye adabu.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Hunijui, mzee. Wimbo wako mama yangu anauimba jikoni. Anauimba kila siku, na hajui mwanawe alikuwa kwenye gari lile." Akashusha sauti. "Mwambie huyo dada, mumewe hayupo duniani. Siku ileile, mzee. Hata adhuhuri haikuadhiniwa."

"Mwanangu, subiri. Yuko wapi? Nionyeshe hata shimo."

"Nisamehe, mzee," kijana akasema, na simu ikakatika.

Mwinyijuma alikaa chini kwenye tuta. Hakulia. Alikuwa anajitafutia njia ya kutoamini, na hakuipata. Mtu anayetaka kudanganya haombi msamaha kwa sauti ile. Halafu ndipo kosa lake lilipomjia. Katika wimbo mzima, beti zote, hakuna mahali alipoomba Seif arudishwe. Aliona ni werevu kuomba kidogo. Aliomba eda, na eda ndiyo aliyojibiwa.

Alimwambia Naila palepale alipomkuta, uani, akichambua mchele. Alimwambia yote kama yalivyo, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kuyapamba. Naila hakupiga ukelele. Aliweka ungo chini, akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, midomo ikisogea.

"Siku ileile?" aliuliza.

"Siku ileile, mwanangu."

"Basi Baba, eda haipo. Eda inahesabiwa tangu siku aliyokufa, hata kama mke hajui. Yangu ilishakwisha." Alivitazama vidole vyake. "Imekwisha zamani. Siku inakwisha mimi nilikuwa nimepaka hina. Nilisikia kuna watu wameachiwa, nikasema asinikute nimechakaa."

Mwinyijuma aliinama, akauokota ungo, akaendelea kuuchambua mchele.

Naila aliinuka, akaoga, akajifunga nguo nyeupe, akaingia chumbani akafunga mlango. Sheikh alipoletewa habari alisema kwa upole kwamba halazimiki, kisheria ameshatoka eda. Naila akajibu kutoka ndani kwamba analijua hilo, na kwamba atakaa.

Hashiru alirudi kama alivyoahidi. Mwinyijuma alimwona akija kwenye njia ya mikorosho, akaenda kumpokea kabla hajafika uani. Kijana akaanza kutoa salamu, mzee akaikatiza. Alitaka aliseme kabla ulimi haujakataa.

"Usimwite Naila," alisema. "Yuko eda. Mwanangu amefariki."

Hashiru, ambaye alikuwa ametoka Mlandizi kulifuata neno hilohilo, alishika shina la mkorosho akalia kwa sauti. Mwinyijuma alisimama pembeni yake, akimngoja amalize.