Incoronata Hapandi Minara

Mwanafunzi wa Bologna hapandi mnara wa Asinelli kabla hajahitimu. Jambo hili halijaandikwa popote, wala hakuna profesa atakayelitamka, lakini msimamishe yeyote anayepita pale na vitabu kwapani umuulize: ukipanda, shahada huioni ng'o. Watu wanasoma mjini humo miaka mitano, mnara wanauona kila wanapokwenda kununua mkate, na bado wanaupita wakitazama pembeni kama mtu aliyekutana na mchumba wa zamani.

Incoronata Lovallo alizidisha. Wenzake waliogopa mnara mmoja, yeye aliogopa yote: minara ya saa, minara ya kengele, makuba ya makanisa. Kwao ni kijiji cha milimani huko Basilicata, kusini, ambako mtu akitaja balaa kila aliye karibu anagusa chuma, na Incoronata alitembea na funguo tatu mfukoni kwa kazi hiyo tu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mnene kiasi, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia mbuzi, na alisomea kilimo. Mitihani yote alishaimaliza. Tasnifu yake juu ya nyuki wa milima ya kwao ilishachapwa na kujalidiwa. Kilichobaki ni kukaa Alhamisi mbele ya jopo la maprofesa na kuitetea kwa robo saa.

Robo saa tu, jamani. Lakini Julai alipewa robo saa hiyohiyo na hakuingia. Ukoo mzima, watu kumi na mmoja, ulitoka kijijini kwa basi dogo ukasafiri usiku kucha, mama yake kakaa mbele na mfuko wa lozi za sukari nyekundu, zile za kugawa mtu anapohitimu. Asubuhi Incoronata akawatokea kwenye korido na kusema kuna msichana amempa hongera kabla ya wakati, nuksi imeshaingia, anajitoa. Hakuna aliyembishia, maana kwao hiyo ni sababu kamili. Wakazila zile lozi ndani ya basi wakirudi, na inasemekana mjomba hakusema neno mpaka Salerno, karibu wafike.

Kwa hiyo ilipofika Oktoba, rafiki yake Tullia Zanon akaamua kuingilia kati. Tullia ni mtu wa Veneto, kaskazini, mrefu, mkavu, aliyehitimu kemia mwaka uliotangulia, na walikaa chumba kimoja miaka minne. Alijua akimwacha mwenzake peke yake wiki ile, atalala kitandani akitafuta dalili mbaya mpaka azipate. Akamwambia wanasafiri. Siku tano, kwa treni za polepole zile wanazopanda wanafunzi, wakaione Lucca na Pisa na Firenze na kokote watakakofika, na Jumanne jioni wawe wamerudi. Maana Incoronata, Muitalia wa kuzaliwa, alikuwa hajaiona Italia. Alikijua kijiji chao, aliijua Bologna, na katikati alilijua basi la usiku.

"Na minara?" Incoronata akauliza.

"Minara nitapanda mimi, nimeshahitimu. Wewe utalinda mizigo."

Mzigo mkubwa ulikuwa kifurushi cha mama, kile ambacho kila mama wa kusini humtumia mwanawe aliye kaskazini kana kwamba huko hakuna maduka. Soseji kavu, jibini ya kondoo, pilipili tamu zilizokaushwa, na mkate wa ukubwa wa gurudumu. Hicho ndicho kilikuwa chakula chao cha siku tano. Tullia alilalamika kwamba behewa zima linanuka kitunguu saumu, akamwita mwenzake mtu wa udongo, kama watu wa kaskazini wanavyowaita wa kusini wakitaka ugomvi. Incoronata akamjibu, nyamaza wewe mla ugali, kwenu mnasonga ugali wa mahindi mnauita chakula cha Jumapili. Wakaendelea hivyo mpaka Pistoia, ambapo abiria watatu walikuwa wameshasogea kula nao.

Mmoja wao, mzee wa kofia aliyekula soseji kwa heshima zote, akauliza mabinti wanasoma nini. Alipoambiwa habari ya Alhamisi akafurahi, akampa Incoronata mkono na kumpongeza kwa shahada. Lahaula. Incoronata akazama mfukoni kutafuta funguo. Yule mama wa kiti cha pili akashika kishikizo cha dirisha. Kijana mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akainuka mbio kugusa chanja la chuma la mizigo. Mzee mwenyewe, alipogundua alichofanya, akaomba radhi mpaka Lucca, na mabinti waliposhuka bado alikuwa anaomba radhi dirishani. Tullia alicheka hadi akashikwa na kwikwi.

Lucca kuna mnara wenye miti juu yake, miti kabisa, inayoota juu ya paa. Tullia akaupanda, Incoronata akabaki chini amekalia kifurushi. Pisa, kwa kuwa alikuwa mtu pekee uwanjani asiye na haraka, watalii wakamfanya mpiga picha wao. Kila mmoja alitaka apigwe akiuzuia mnara ule ulioinama usianguke. Alipiga picha saa mbili nzima, akawapanga watu kwa foleni, akawafokea wasiokaa sawa, na Mholanzi mmoja akataka kumlipa. Firenze, Tullia alipokuwa anapanda kuba la kanisa kuu, ngazi mia nne na zaidi, Incoronata alikaa na muuza mikate ya matumbo ya ng'ombe, akamfundisha kutia pilipili za kwao, na alipoondoka yule bwana alimwambia kazi ipo akitaka.

Tullia akashuka miguu ikitetemeka.

"Vipi huko juu?"

"Unaona kila kitu."

Incoronata alifunga kifurushi, akafungua, akafunga tena. Alikuwa ameona wivu, wivu wa kweli, na hakuupenda.

Jumatatu wakafika mji mdogo wa Umbria ulioko juu ya kilima, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba waliugonga mlango wa watawa kabla ya kuuona. Watawa wa huko hukaribisha wageni kwa bei ya huruma. Sista Eufemia, mfupi, mwepesi kama kuku, alisema vyumba vya chini vina mahujaji wa Poland ila kuna kimoja kizuri huko nyuma. Akawatangulia. Ngazi zikapinda, zikapinda tena, giza tupu, na Incoronata nyuma na mkate wake mkubwa akihema na kuuliza hawa masista wanaishi na malaika au vipi. Chumba kilikuwa na vitanda viwili na dirisha linaloonyesha ukungu tu. Wakala, wakacheka, wakalala mapema kama watoto.

Asubuhi Incoronata akafungua dirisha. Ukungu ulikuwa umeondoka.

"Tullia. Amka. Tuko wapi?"

"Kwa masista."

"Masista wako chini kule wanaanika mashuka. Naona utosi wao. Na njiwa wanaruka chini yangu, Tullia. Chini yangu."

Tullia akaja dirishani, akachungulia, akasema kwa sauti ndogo kwamba huenda ni nyumba ndefu tu. Hapo Sista Eufemia akaingia na kahawa ya maziwa, akaeleza kwa fahari kwamba mnara huu ulijengwa kumlinda askofu fulani miaka mia saba iliyopita, na kwamba katika vyumba vyote ndio wenye hewa safi.

Incoronata akakaa sakafuni na gauni la kulalia. Imekwisha, alisema. Hakulia, hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Tullia zaidi. Tullia akajitetea haraka haraka: marufuku ni ya Bologna, mnara wa Umbria hauhusiki, kulala si kupanda, ukungu unafuta kosa. Haikusaidia kitu. Incoronata alishachukua simu. Basi la ukoo linaondoka kesho usiku, lazima ampigie mama awaambie wasije, safari hii lozi zisinunuliwe hata.

Simu haikuwa na mtandao. Kuta zile, Sista alisema, ni nene mita mbili, mtandao hapa haushiki kabisa.

"Unashika wapi?"

"Juu, mwanangu. Kileleni. Ngazi arobaini hivi zimebaki."

Incoronata akamtazama Sista, akaitazama simu. Kisha akasema sasa nina nini cha kupoteza, akavaa viatu bila soksi na kupanda. Tullia akamfuata nyuma.

Kileleni kulikuwa na upepo na jua. Chini yao mizeituni ilishuka kilima hadi bondeni, mto ukapita kati, na upande wa pili kulikuwa na mji mwingine juu ya kilima chake, na nyuma yake mwingine, na mwingine, mpaka macho yakachoka. Simu ikalia, mtandao umeingia. Incoronata hakuiangalia. Alizunguka ukuta ule mara tatu, akaonyesha kidole kila upande, akauliza ile ni nini, na ile, na kule, halafu akaanza kucheka. Alicheka akashika tumbo, akachuchumaa, akasimama akacheka tena. Furaha ilimpanda kichwani na hakuwa na pa kuiweka.

"Miaka minne," alisema. "Miaka minne napita chini ya minara nikitazama pembeni."

"Mpigie basi mama yako," Tullia akasema, akiogopa kuomba asipige.

Kicheko kikapungua. Incoronata akaegemea ukuta.

"Hakuna msichana aliyenipa hongera Julai. Nilimbuni. Niliona jina langu mlangoni kwenye ile orodha, nikaona mama amevaa viatu vipya, nikaogopa. Nikishindwa nitawaaibisha, na nikishinda sijui nitakuwa nani. Mwanafunzi najua kuwa. Kingine sijui."

Tullia alimshika mkono, na walikaa hivyo mpaka meno yakaanza kugongana kwa baridi. Kisha Incoronata akarudisha simu mfukoni. Akasema kama ameshaharibikiwa, aharibikiwe sawasawa: mtu aliyelowa haogopi mvua ya jioni, sasa ni kupanda minara yote.

Na aliipanda. Kabla ya treni walipanda mnara wa kengele wa mji uleule. Firenze walishuka kati ya treni mbili, wakapanda kuba, Incoronata mbele akiwahimiza Wajerumani wazee waongeze mwendo, na huko juu akamwimbia kila aliyekuwepo. Aliona mnara wa pembeni, akauliza na huu, na huu wakaupanda. Walifika Bologna Jumanne jioni wakiwa hawana sauti. Jumatano asubuhi akaenda kwa Asinelli wenyewe.

Chini pale kulikuwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakila piza ya kipande. Walimjua kwa sura, wakaacha kutafuna. Mmoja akauliza kwa adabu kama dada ameshahitimu.

"Kesho," Incoronata alisema, akapanda.

Ngazi mia nne tisini na nane, za mbao, zilizochakaa katikati. Juu aliona mapaa mekundu ya mji aliokaa miaka yote hiyo, akaona dirisha la chumba chao na soksi za Tullia zimeanikwa. Akawasimamisha watalii wawili wa Ureno waliokuwa wanapiga picha, akawatetea tasnifu nzima ya nyuki, mwanzo mpaka mwisho. Walimpigia makofi, ingawa hawakuelewa kitu.

Alhamisi ukoo ulikuwa kwenye korido ya ghorofa ya pili, kumi na mmoja walewale, wamebanana kwenye benchi. Mama alikuwa na viatu vilevile. Incoronata alikuwa sawa mpaka alipoiona orodha mlangoni. Jina lake lilikuwa la nne. La tatu lilikuwa ndani, linamalizia. Kila alichosema kule kileleni kikawa kimesemwa na mtu mwingine. Akamwambia mama anakwenda msalani mara moja. Tullia alimwona anaelekea ngazi na akajua si msalani, lakini alikaa pale alipokuwa, kwa sababu jambo hilo hakuna anayeweza kumfanyia mwenzake.

Incoronata akafika kwenye ngazi. Akashusha mguu wa kulia.

Mguu ukakataa. Ngazi zile zote, za masista na za kanisa na za Asinelli, zilikuwa zimekaa kwenye misuli yake tangu juzi na jana, na sasa zikaamka zote kwa pamoja. Alijaribu wa kushoto. Alishika chuma cha ukingo kwa mikono miwili, jasho likamtoka, akateremka ngazi moja, na ya pili ikawa haiwezekani. Ghorofa mbili zilibaki kati yake na mlango wa nje, na mtoto wa miaka miwili angemshinda mbio. Nyuma yake mlango ukafunguliwa na jina lake likaitwa.

Kurudi kulikuwa ngazi moja tu, na kupanda hakukuuma. Akapita mbele ya ukoo wake akichechemea, akaingia, nao wakamfuata ndani. Mwenyekiti wa jopo, profesa wa nywele nyeupe aliyezaliwa na kusoma mjini humohumo, akamuuliza kama ni mgonjwa.

"Hapana, Profesa. Nimepanda Asinelli jana."

Maprofesa saba wakaacha kupekua karatasi. Mwenyekiti akavua miwani.

"Jana? Kabla?"

"Kabla."

Mwenyekiti akamwonyesha kiti. Incoronata akajishusha polepole akiuma meno, na alipokwisha kukaa alijua hatainuka hapo kwa namna yoyote, hata nyumba iungue. Akaanza na nyuki. Alipofika mwisho hakuwa ameangalia karatasi hata mara moja, na walipomtangaza amehitimu kila mtu chumbani alisimama isipokuwa yeye. Ilibidi mama yake na Tullia waje kumnyanyua, mmoja kila kwapa.