Karatasi ya Baba Kwenye Geti

Nilipigilia karatasi ya baba kwenye geti asubuhi, mama akiwa bado amelala. Ilikuwa karatasi ya kawaida ya ofisini, yenye ukingo mweusi na msalaba mdogo juu. Katikati kulikuwa na picha ya baba amevaa koti lake la kazi, na chini yake jina lake na maneno machache: mwaka mmoja bila wewe. Kisha nikaketi barazani kunywa chai.

Kikombe sikukimaliza. Wa kwanza kuingia alikuwa kijana wa pikipiki, mmoja wa wale wanaosubiri abiria karibu na njia ya uwanja wa ndege. Alivua kofia yake ngumu akaishika kifuani.

"Pole sana, Papa. Batamuzika saa ngapi?"

"Alizikwa mwaka jana."

Aligeuka akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Mwaka jana? Na munatangaza leo? Mulikuwa munangoja nini?"

Kufika saa nne jirani alikuwa ameleta mabenchi mawili, maman mmoja wa mtaani ameleta sufuria ya maharage, na wanakwaya wawili walikuwa wamesimama uani wakibishana waanze na wimbo gani. Hapa Kamembe, upande wa Rwanda ng'ambo ya Bukavu, picha ya mtu ikitundikwa getini ina maana moja tu: maiti iko ndani. Nilieleza, nikaeleza tena. Wengine walicheka, wengine walikasirika kwamba wameacha kazi zao bure. Mwenye maharage alisema chakula cha msiba hakirudi jikoni kwake hata kama msiba wenyewe umechelewa. Tukala.

Desturi hii niliitoa Bulgaria, na simwombi mtu radhi kwa hilo. Miguu yangu haijawahi kukubali kukaa mahali. Nilimaliza sekondari Bukavu, nikapita Uvira, Bujumbura na Dar es Salaam, nikafika Istanbul, nikashona mifuko ya suruali kiwandani hadi nikajua Kituruki. Kutoka pale nilivuka mpaka, nikaishi miaka mitatu katika kijiji cha milimani, upande wa kusini wa Bulgaria, karibu na Ugiriki. Nusu ya kijiji walikuwa Wabulgaria Wakristo, nusu Waislamu wanaozungumza Kituruki. Wote walilima tumbaku, na wote walibandika wafu wao hadharani: kwenye milango, kwenye miti, kwenye kituo cha basi. Wakristo huweka ukingo mweusi, Waislamu ukingo wa kijani. Mtu akitimiza siku arobaini tangu afe, karatasi. Miezi sita, karatasi. Mwaka, miaka kumi, karatasi. Ukienda kununua mkate unasalimiana na wazima na wafu njia nzima. Mwanzoni nilidhani kijiji kizima kimekufa juzi.

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja wa Kituruki. Mchana tuliketi uani tukitunga majani ya tumbaku kwenye uzi kwa sindano ndefu kama mkono wa mtoto, vidole vyetu vikinata utomvu mweusi. Hapo ndipo aliponisimulia. Zamani, wakati wa utawala wa chama kimoja, serikali iliamua kwamba nchini hakuna Waturuki. Askari walizingira vijiji wakati wa baridi, na kila mtu akapewa kitambulisho kipya chenye jina la Kibulgaria. Hata wafu waliokuwa makaburini walibadilishiwa majina kwenye daftari. Baadaye watu wengi sana walihamia Uturuki na mizigo juu ya magari. Yeye na mumewe walibaki, kwa sababu ya ng'ombe mmoja, alisema, na kwa sababu ya ubishi. Utawala ule ulipoanguka majina yalirudishwa, lakini mumewe alikuwa ameshafariki. Alizikwa na jina la serikali.

Kwa hiyo kila mwaka mjane yule alibandika karatasi ya kijani yenye jina la kweli la mumewe. Hakuibandika kwenye mlango wake. Aliibandika kwenye mti wa forosadi unaotazama nyumba ya ng'ambo ya barabara. Mle alikaa mzee wa Kibulgaria aliyekuwa karani wa kijiji, yule aliyeandika majina mapya.

"Aliandika lile," aliniambia. "Sasa asome hili."

Na mzee alisoma. Kila asubuhi, akienda kuchukua mkate, alisimama mbele ya mti ule. Wakati mwingine alimletea mjane mkate wake pia, akauacha juu ya ukuta. Mjane aliula. Mwaka mmoja tuliamka tukakuta karatasi imechanwa. Hakuuliza ni nani. Alichemsha gundi ya unga, akabandika nyingine.

Na mimi nilimsimulia yangu. Baba alikuwa Mnyarwanda, fundi wa nguo Bukavu. Ikafika miaka ambayo watu walikuwa wakipita mitaani kuuliza nani katokea wapi, na jina lake lilimjibia kabla hajafungua mdomo. Rafiki yake Mshi, mtu wa kabila la wenyeji wa pale, waliyeshona naye karakana moja, akampa jina la kaka yake aliyekufa. Baba alilivaa zaidi ya miaka hamsini, hata baada ya familia kuvuka kuja kukaa hapa Rwanda. Sisi watoto vyeti vyetu vyote vimeandikwa kwa jina hilo. La kwake mwenyewe nililisikia mara chache, mama akiwa na hasira au akiwa na furaha sana.

Siku dada yangu mkubwa aliponipigia simu kwamba baba amefariki, hapa Kamembe, nilikuwa na sindano ya tumbaku mkononi. Mjane alinishika bega, akaningoja nilie. Kisha akauliza, "Wameandika jina gani?"

Sikujua. Nilipiga tena. Dada akasema, "Jina yake ya Bukavu. Unataka tuandike gani?"

Nilirudi miezi mitatu baadaye, nikaenda Giheke makaburini, nikasoma msalaba wa mtu mwingine. Nikaamua kwamba mwaka ukitimia watu watamsoma baba mara moja kwa jina lake. Mara moja tu.

Basi mchana dada akafika kutoka Giheke kwa miguu ya haraka, kitenge kimemlegea, ameshasikia habari yote. Hakusalimia.

"Toa ile karatasi."

"Yaya, dada yangu, kaa kwanza."

"Sikai! Ile jina hapa hakuna muntu anaijua. Batoto bangu bote beko na ile ingine, kwa masomo, kwa karte ya kitambulisho, fasi yote. Kesho batauliza: sasa nyinyi ni bana ya nani? Utabajibu wewe?"

"Nitawajibu."

"Wewe? Ulikuwa wapi wakati tulikuwa tunamuzika?"

"Bulgaria."

"Bulgaria! Kule banakulaka nini, ya kusahaulisha muntu baba yake? Mimi njo nilimuogesha. Mimi njo nilimufunga macho. Na ile jina unaitukana ilituokoa, unasikia? Ilitupa kukula."

Alisema kweli. Jina lile lilikuwa zawadi ya mtu mwema, wala sikulitukana. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba aliyeokolewa alikuwa na jina lake, na kwamba karatasi haitoki. Alisogea kwenye geti. Nikasimama mbele yake. Watu wazima wawili, tumefikia umri wa kuitwa wazee, tukisukumana mabega mbele ya mabenchi ya jirani, na kijana wa pikipiki akitutazama kama mechi.

Mama akatoka ndani na fimbo yake. Alipita katikati yetu bila kutuangalia, akafika karibu kabisa na karatasi, akaisoma polepole, midomo ikicheza. Alirudia mara ya pili. Dada akaanza, "Maman, huyu mutoto wako..."

"Nyamaza." Mama hakugeuka. "Ile ya Bukavu iko kwa msalaba, pale Giheke. Iachwe pale, haikutukosea kitu. Hii ni ya hapa. Geti ni yangu."

"Maman, batu batasema."

"Baseme. Nimeitaja kwa sauti ndogo miaka yote, nimechoka koo."

Dada alifunga kitenge chake upya, akakifunga tena. Akasema sawa, tutaona. Akasema anapanda gari sasa hivi, anaenda Nyakabuye kumleta baba mdogo, yeye njo mukubwa wa familia sasa, akifika ataichana mbele yetu sote.

"Umulete," mama alisema, akivuta benchi karibu na geti na kukaa. "Mwambie akuye na miwani yake."