Kioo Kilichosuguliwa kwa Mchanga

Mwaka uliofuata Uhuru, mke wa mwenye shamba moja la kahawa alifungasha vyombo vyake kurudi kwao, akamwachia baba yangu samaki wawili. Baba alikuwa fundi cherehani pale Karatu, kwenye baraza la duka la mzee mmoja Mwislamu aliyehamia zamani kutoka Kondoa. Mapazia yote ya ile nyumba ya shambani aliyashona yeye.

Samaki wenyewe hawakuzidi urefu wa kidole changu cha kati. Mmoja mwekundu, mwingine wa buluu, na mapezi yao yalining'inia kama hariri ambayo fundi ameogopa kuikata. Wote wawili walikuwa madume. Yule mama alimwonya baba kwamba wasikutane kamwe, maana watauana. Yeye mwenyewe aliwaweka katika masanduku mawili ya kioo, lakini moja lilivunjika wakati wa kupakia lori. Kwa hiyo mwekundu alikuja na sanduku lake, na wa buluu akaja ndani ya chupa ya jamu.

"Fundi, hawa wanaliwa na ugali au na wali?" aliuliza mwenye duka siku ya kwanza.

"Hawaliwi, mzee. Wanatazamwa."

"Wanatazamwa! Na wakishatazamwa?"

"Wanatazamwa tena."

Watu barazani walicheka sana, na baba alicheka nao. Lakini mimi nilimwona akiacha mshono katikati, mguu juu ya pedali, akitazama. Maisha yake yote kila kitu alichoshika kilikuwa cha mtu mwingine, nacho kilikuwa na siku ya kuchukuliwa.

Shida ilikuwa baridi. Miezi ile ukungu huteremka kutoka Ngorongoro na kukaa juu ya mabati hadi saa nne. Sanduku liliwekwa jirani na kigae ambacho baba aliwekea pasi yake ya mkaa, na maji yake yalishika uvuguvugu siku nzima. Chupa ilipoa upesi. Wa buluu akawa analala chini, mapezi yamebana. Ilikuwa wazi kwamba naye lazima aingie sandukuni, na kitu kiwatenge.

Baba alipata kipande cha kioo cha dirisha, seremala akakikata. Hapo ndipo mama alipotoa ushauri. Yeye alizaliwa Endamarariek, katika nyumba ambayo watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja, na kuhusu madume hakuna aliyebishana naye.

"Waache waonane," alisema. "Dume jipya unalifunga likitazamana na la zamani, uzio katikati. Watavuma, watachimba ardhi, siku ya tatu wamezoeana."

Tukatia kioo. Wale samaki walipoonana walitandaza mapezi, wakafungua mashavu yakawa kama ndevu nyeusi, wakajibamiza kwenye kioo. Sijawahi kuona uzuri wa namna ile. Baraza lilijaa watu.

"Si mnaona?" mama alisema. "Wanasalimiana."

Siku ya tatu hawakuwa wamezoeana. Walikuwa bado wanapigana, tena bila kula. Viluwiluwi vya mbu nilivyochota pipani vilicheza mbele ya midomo yao wala hawakuvitazama. Pua ya wa buluu ilikuwa imechubuka, na pezi la mkia limechanika.

"Fundi, chagua mmoja," alisema mwenye duka, safari hii bila mzaha. "Nina ndugu yangu Arusha, atampokea mwingine. Jumamosi basi lipo."

Baba alijua maana yake. Siku nzima ndani ya chupa, kwa baridi na mtikisiko ule, wa buluu asingefika. Usiku wa kuamkia Alhamisi baba hakula vizuri, na asubuhi aliniita mimi, binti yake, kwa jina alilozoea kuniita.

"Mama, tumpe hadi Jumamosi. Asipokula, aende. Bora aende kuliko nimwone akifa hapa."

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nasubiri majibu, na machozi yangu yalikuwa karibu. Ni mama aliyekuwa bado anatazama sanduku, mikono kiunoni.

"Nimekosea," alisema polepole. "Dume la ng'ombe likichoka hugeuka, likala majani. Hawa hawana pa kugeukia. Kila upande ni yule yule."

Baba alitaka kuning'iniza kitambaa. Mama akasema rangi itachuja. Akaleta karai la mchanga wa mtoni na jiwe bapa. Tulikilaza kioo juu ya gunia, tukakisugua kwa mchanga uliolowa, mimi na yeye kwa zamu, Alhamisi yote, hadi vidole vikafa ganzi. Kikawa cheupe kama madirisha ya zahanati: mwanga unapita, sura haipiti. Baba akakisimamisha juu ya vifungo vinne vya shati, maji ya uvuguvugu yapite chini lakini samaki asipite, na juu kikagusa kifuniko cha ubao chenye matundu, maana mwekundu alikwisha jaribu kuruka.

Ijumaa walitafutana. Walienda huku na huku mbele ya ule ukungu wa kioo, kisha wakaacha.

Jumamosi basi lilipiga honi.

"Fundi! Abiria wangu yuko wapi?" konda aliita.

"Subiri kidogo."

Nilidondosha viluwiluwi pande zote mbili. Mwekundu alikula palepale. Wa buluu alitazama tu.

"Nina watu humu, fundi. Watanipiga."

"Kaka, nimekuomba."

Wa buluu alipanda, akavuta hewa, akashuka. Kisha akageuka ghafla na kumeza kimoja. Akameza cha pili. Mama alinishika bega kwa nguvu hadi likauma.

"Nenda salama," baba alimwambia konda, bila kuondoa macho sandukuni. "Huyu haendi."

Kisha akanigeukia, uso wake wote umefunguka.

"Kachote vingine," alisema, nami nikakimbilia pipani.