Saa Iliyohesabu Nazi

Sikai. Tangu daktari aniambie sukari yangu imepanda, na kwamba nikirudi haijashuka atanianzisha sindano, sijakaa kitako nikatulia. Si sindano niliyoiogopa. Mama yangu alianza hivyo hivyo, kwa sindano, akaishia kukatwa mguu. Nilimuogesha mimi, nikamgeuza mimi, miaka yote aliyobakia. Viatu vyake vya mwisho vimo kabatini hadi leo: kimoja kimechakaa, kimoja kipya.

Binti yangu, anayekaa Mbweni, akaniletea saa ya kuhesabu mwendo, na kwenye simu akanitilia programu ya chakula. Akaviunganisha, akanieleza. Programu imenipa kipimo changu cha kalori kwa siku, na ndani ya kipimo hicho imeshakadiria kuwa nitajikongoja kidogo humu ndani. Saa ikiona nimekwenda zaidi ya makadirio, programu inaniongezea ruhusa ya kula. Nikikaa, inaninyang'anya. Nikamwambia nimefahamu. Wallahi niliona nimefahamu.

Saa nikaivaa mkono wa kulia. Nilivyolelewa mie, kitu cha heshima huvaliwa kulia. Kushoto kuna kazi zake. Binti yangu hakuona, alikuwa keshashuka ngazi.

Basi nikapata kazi mpya, kuchungulia simu. Naacha sufuria motoni, nachungulia. Asubuhi inaniona nimechangamka, inadhani nitachangamka hivyo kutwa nzima, inaniongezea. Jioni nikijinyoosha kidogo inakichukua ilichotoa, na mie chapati nshaimeza. Sasa chapati utairudisha wapi? Nilikuwa naikasirikia ile simu kama jirani mwenye mdomo.

Ikaja harusi ya mtaani. Kwetu harusi haipikwi na mtu mmoja. Wanawake tunaitwa, kila mmoja na mbuzi yake ya kukunia nazi, tunaikalia, tunakuna mpaka ua mzima unanuka tui. Wenzangu hunitania kuwa mkono wangu umetiwa mashine. Siku hiyo nilikuna tangu asubuhi, na saa ikitetemeka mkononi kunipongeza. Nilipochungulia simu, ruhusa ilikuwa imepanda sijapata kuona. Nikasema jasho langu halikwenda bure. Nikala biriani, nikaongeza, nikamalizia na halua, moyo wangu mweupe. Na nyumbani ikawa ndiyo hali yangu, kwa kuwa wali wangu kila siku ni wa nazi.

Nikarudi kwa daktari kifua mbele. Sukari ilikuwa imepanda, na uzito nao. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Akanipa nafasi moja ya mwisho, akasema nikirudi tena tutajua.

Binti yangu alikuja siku ile ile, uso umekunjamana. Sikio la kufa halisikii dawa, akasema, akainyakua simu. Akaniuliza siku ya harusi nilikwenda wapi. Nkamwambia sikwenda popote, nilikuwa nakuna nazi. Akautazama mkono wangu wa kulia.

Kisha akanieleza. Saa haina macho. Inahisi mkono ukienda mbele na nyuma, inasema huyu anatembea. Kwa hesabu yake nilikwenda kwa miguu mpaka msituni Jozani, mbali kabisa na mji, nami sikubanduka juu ya mbuzi. Ndiyo maana wengine huivaa kwenye mkono usio na kazi nyingi.

Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Yeye alikaa ukingoni mwa kitanda changu, akasema taratibu, "Mama, nilikuwa mdogo lakini namkumbuka bibi. Ikibidi nitakuogesha. Lakini sitaki."



Nikaihamishia saa kushoto. Kesho yake nikaona mwendo wangu wa kweli: jikoni, chooni, kitandani. Programu ikaninyang'anya, ikaninyang'anya, hata kile kipande cha muhogo nilichokitegemea jioni. Nililia kwa hasira. Nikazunguka chumbani, nikaketi, nikainuka tena. Mwisho nikafungua kabati, nikavaa viatu vya mama, kile kilichochakaa na kile kipya, nikashuka ngazi.

Kile kipya kikawa kinapiga kelele kila ninapokanyaga, mpaka Forodhani, mpaka kurudi.