Kinyota cha Wafumaji

Kila alipotakiwa kutoa orodha, karani wa kompyuta wa kiwanda cha nguo aliandika kwanza namba chache za wafanyakazi kwenye karatasi, moja chini ya nyingine, akateremsha kidole juu yake polepole. Tarakimu zilipofanana aliziacha, zilipotofautiana aliweka kinyota mahali pake. "Kinyota kinameza chochote, dada," alimwambia Mwanahawa, mpiga chapa wa meza ya pili, kwa ile sauti yake ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Kisha alipuliza vumbi la pamba kwenye vitufe, ndipo akabonyeza.

Siku tajiri aliyekinunua kiwanda alipoagiza wafumaji wote waandikiwe barua za kupunguzwa kazi, Mwanahawa alimwona karani akiteremsha kidole mara tatu. UF/71/014. UF/78/230. UF/83/097. Akaandika UF/*, ufumaji wote, akapuliza, akabonyeza. Printa ililia mpaka saa ya chai. Walipozihesabu, barua zilikuwa mia mbili na kumi na tatu. Wafumaji walikuwa mia mbili na kumi na wawili.

"Kuna mtu kazidi," alisema Mwanahawa.

"Hajazidi."

Karani aliichomoa barua ya Martina, mkewe, mfumaji waliyemzika kwao Matombo, mwaka wa tatu sasa. Hakuwahi kumfuta kwenye kompyuta. Aliisoma yote, hadi pale kampuni ilipomtakia maisha mema huko aendako. Kisha akachukua kalamu, na chini, palipoandikwa "Nimeipokea", akamtilia sahihi.