Kichwa cha Watu Wawili

Msusi waliyemwita Chanuo alikuwa na vidole visivyojua kukaa. Akilala, vinasuka shuka. Asubuhi anakuta pindo lote limekuwa mistari, imenyooka kama imepigwa rula, na inambidi afumue kwanza ndipo atandike kitanda. Anayebisha akaliulize godoro. Waliowahi kukaa mbele ya magoti yake, juu ya kigoda cha miguu mitatu pale barazani, hawana idadi: mabibi harusi, wanafunzi, hata mke wa meneja mmoja aliyesinzia akakoroma mpaka mbwa wa mtaa wakahama. Vichwa vyote hivyo vilisukwa, vikasimama, vikaenda zao. Cha kwake mwenyewe hakikuwa na wa kukigusa.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hawakusema afanyeje aliyebaki peke yake.

Siku dada yake alipofariki, Chanuo alijisuka twende kilioni, zile nywele za haraka, mistari mitano minene inayokimbia kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. Ni nywele za mtu aliyepigiwa simu mbaya na hana muda wa kukaa. Akaenda, akalia, akazika, akarudi. Nywele zilipochakaa akazifumua, akasuka zilezile. Zikachakaa tena, zilezile. Miaka mitatu. Msiba ulikwisha, nywele hazikupewa habari.

Si kwamba hakujua nyingine. Ila katika ukoo wa mama yao, mwanamke hatoki msibani na kichwa chochote tu. Anasukwa na watu wawili. Mistari inaanzia juu ya masikio, huku na huku, inazunguka kichwa kama maji yanayotafuta pa kushukia, inakutana utosini. Na wasukaji lazima wawe ndugu, mmoja kulia na mmoja kushoto, wanavuta pamoja, pumzi kwa pumzi. Wakifika utosini wanabadilishana: za kulia zinaingia mkono wa kushoto, za kushoto zinaingia mkono wa kulia. Akisuka mmoja peke yake, utosi unalegea kama mdomo wa mlevi.

Bibi yao alikuwa akisema kwamba enzi zake kichwa cha mwanamke kilisomwa kutoka ng'ambo ya bonde: huyu ameposwa, huyu ananyonyesha, huyu kafiwa. Na aliyesukwa na wawili alikuwa anawatangazia watu: nimelia, nimemaliza, na bado nina mtu kulia na mtu kushoto. Bibi huyohuyo alisema pia kwamba nywele zake zilikuwa nyingi hata tetea akaatamia humo mayai kumi, yote yakaanguliwa. Basi kila mtu achukue anachoweza kubeba.

Chanuo siku zote alisuka kushoto. Dada yake kulia. Miaka thelathini walitoa watu wa ukoo msibani, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukoo wenyewe ukaisha.

"Shoga, nywele zako zinanichosha," fundi cherehani wa chumba cha pili alimwambia asubuhi moja. "Kila nikikuona nakupa pole. Juzi nimekupa mara mbili."

"Nilizipokea zote."

"Njoo basi nikusuke mimi."

"Wewe? Uniwekee zipu kisogoni?"

Wakacheka mpaka fundi akajifuta macho kwa pindo la gauni la mteja. Kisha akarudi kwenye cherehani yake, na Chanuo akabaki anakitazama kigoda. Fundi angekuwa wa damu, angemwita, hata na zipu zake. Wa damu alikuwa amebaki mmoja: binti wa marehemu, anayebandika wanawake kucha mji wa mbali. Miaka mitatu hiyo walikuwa wakisalimiana kwa simu tu, "hujambo", "sijambo", na katikati kimya ambacho ungeweza kukitandikia mkeka. Kumwambia "njoo" ilikuwa sawa na kukiri kwamba hana mtu. Lakini siku ile alikuwa amechoka kupokea pole.

Akapiga. "Mwanangu, njoo ushike upande wa mama yako."

Binti akaja Jumapili, na basi la asubuhi. Alipotoa mikono amwamkie, Chanuo akaruka nyuma. Kucha zilikuwa ndefu, nyekundu, zenye vimulimuli.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Hizo ni kucha au majembe?"

"Ndiyo tangazo langu hizi. Wateja wanaziangalia kwanza."

"Ukiingia nazo kichwani mwangu utatoka na ubongo."

Binti akacheka, kisha akaacha kucheka, maana aliona mama mdogo hacheki. Akaziangalia, moja moja. Akaomba mkasi. Tik, mpaka zikafika kumi, vimulimuli vikaanguka sakafuni.

"Haya. Kulia ni mimi. Na kushoto nani?"

"Mimi."

"Kwenye kichwa chako mwenyewe?"

"Unaona foleni hapo nje?"

Chanuo akakaa kwenye kigoda. Miguu ilimshangaa, haikuwahi kukaa upande ule. Akanyanyua mkono wa kushoto, wa kulia akaupitisha juu ya kichwa ukamsaidie mwenzake, wakaanza. Shida ikawa ni kueleza. Upande wake dada hakuwahi kumfundisha mtu, na Chanuo mwenyewe alikuwa ameuona toka ng'ambo ya vichwa vya watu tu, vifundo vya vidole vikipanda na kushuka.

"Vuta. Si hivyo. Mama yako alikuwa anavuta, halafu anangoja."

"Anangoja nini?"

"Ananingoja mimi. Nilikuwa mzito."

Binti akavuta, akangoja.

Mara ya kwanza utosi ulilegea, wakafumua wote. Mara ya pili mikono ya Chanuo ikafa ganzi, ikabidi aishushe mapajani na kuipiga makofi kama watoto watukutu. Mara ya tatu mistari ikapanda pamoja, ikafika juu. Chanuo akanyoosha vidole gizani mwa utosi wake, kule asikokuona, vikakutana na vidole vya mtoto wa dada yake, vya moto, vimelowa mafuta. Akampa za kushoto. Akapokea za kulia.

"Nivute, mama mdogo?"

"Ngoja."

"Zimekaza tayari."

"Nimesema ngoja."

Wakakaa hivyo, mikono minne juu ya kichwa kimoja. Kisha wakavuta.

Basi la kurudi liliondoka saa kumi. Kituoni binti alisema atakuja tena, na Chanuo akasema njoo, na wote wawili walijua kazini anapewa Jumapili moja kwa mwezi, na hiyo inahitajika kwa usingizi na kufua.

Nyumbani akajitazama kwenye kioo. Kulia mstari umenyooka. Kushoto umepinda mahali pawili, pale mikono ilipochoka. Kwa anayejua kusoma, kichwa kilisema kweli tupu: kulia kuna mtu, naye yuko ndani ya basi, kushoto niko mwenyewe.

Akatoka nje jioni ile, jua bado lipo, akautembea mtaa wote. Alitaka asomwe. Hata mtu mmoja tu, asimame amwambie, eh, umetoka msibani. Akapita dukani, akapita kwa kinyozi, akawapita wanawake wanaochambua mchele mlangoni. Walimtazama kichwa. Walikipenda.

"Umependeza!" mmoja akamwambia. "Umesuka wapi?"

"Kwetu," alisema.

Akasubiri aulizwe kwetu ni wapi. Yule mwanamke akaona kijiwe kwenye ungo, akainama kukitoa. Chanuo akaenda mpaka maduka yalipokwisha, akageuka, akarudi kwa njia ileile.