Chupa ya Tonton Ilunga

Enzi zetu, sisi watoto wa wafanyabiashara wa Kenya tuliokulia Guangzhou, China, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, hatukununuliwa vitu vya kuchezea. Bladha tuliruka kwenye vichochoro vya mtaa wa Kangle kwa lastiki tulizookota milangoni mwa karakana za ushonaji, na vifungo vilivyodondoka tulichezea bano badala ya gololi. Mtoto wa leo ukimpa lastiki atakuuliza inachajiwa wapi.

Lakini kinachonichemsha damu mpaka leo si michezo. Ni chupa.

Jirani yetu Tonton, yaani mjomba, Ilunga, Mkongomani wa Lubumbashi, alikuwa amevuna zabibu Ufaransa misimu sita kabla ya kuja China. Alitusimulia shamba lile mpaka tukalijua: mteremko wa kokoto, mizabibu mifupi ya kukuinamisha tangu alfajiri, kikapu kizito mgongoni. Mgongo wake haukunyooka tena. Siku ya kuondoka, mwenye shamba alimpa chupa moja ya divai nyekundu ya mteremko uleule. Tonton aliivingirisha ndani ya fulana, akaiweka chini ya kitanda kungojea siku mkewe atakapomfuata.

Kisha laoban, bosi wa karakana, akaharibu oda ya mama. Kola za sare zote za shule zilishonwa upande, na kontena ilikuwa inafungwa bandarini Huangpu keshokutwa. Mama alibembeleza weee! Bosi akajibu tu, "Mei banfa," hakuna la kufanya. Tonton akaenda chumbani kwake, akarudi na ile chupa.

"Mama Wanja, mutu mwenye kukunywa hii hawezi kukukatalia."

Bosi aliipokea kwa mikono miwili, akaita shemeji zake wawili. Halafu, tukimtazama, akamimina divai nusu glasi, akajaza soda ya ndimu na barafu!

"Doucement, polepole, laoban! Hii haichanganywake!" Tonton alipiga kelele.

"Ganbei!" wakajibu, wakaimaliza kwa mkupuo mmoja. Glasi ya Tonton nayo ilitiwa soda, hakuigusa. Kola zilifumuliwa, zikashonwa upya, kontena ikaondoka.

Tukirudi nyumbani, mama alifoka njia nzima. "Watu hawana haya! Kwani ina utamu gani, Tonton, nijue walichoharibu?"

"Sijaionjaka, Mama Wanja. Kule walitupatiaka ile nyepesi ya wafanyakazi."

Mama alisimama pale pale barabarani. Misimu sita, asionjeshwe hata kijiko! Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Wangekutana na Tonton wangenyamaza.

Siku hizi divai ile imejaa Nairobi. Vijana wanazungusha glasi, wananusa, wanaipiga picha, eti wanaonja udongo wa kule. Nani aliuinamia udongo huo, hawaulizi. Tonton alifariki hukohuko Guangzhou, mkewe hajafika. Mwaka jana nilinunua chupa ya mteremko ule, nikaifungua nikiomba iwe chachu, iwe kitu cha bure tu. Ilikuwa tamu ajabu. Nikaiweka glasi chini, nikalia kwa hasira.